Mashini ya Barafu Iliyobaki Bujumbura

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, mtu yeyote aliyenunua samaki Uvira alimjua Apolline wa mtaa wa Kimanga. Wachache walimwita Apolline. Kwa wengi alikuwa Mama Spès, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa Muvira, mtoto wa wavuvi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na tangu usichana wake alizoea kuonekana ufukoni asubuhi mapema, kanga imekazwa kiunoni, akichagua samaki kabla wenzake hawajamaliza kunawa uso.

Alinunua mukeke na sangala, akawapasua, akawapanga juu ya chanja nyuma ya nyumba, akawakausha kwa moshi na kuwapeleka Bukavu kwa kamio. Biashara hiyo iliwalisha. Lakini Bukavu watu walitaka samaki mbichi, na wakimwona walimuuliza kila mara lini atawaletea. Siku moja alijaribu. Akawafunga mukeke kwa majani ya mgomba yaliyolowa maji, akajaza vikapu, akapakia. Kamio likafia kwenye ule mlima mkali juu ya Kamanyola, dereva akalala chini ya injini mpaka jua likawa juu kabisa. Walipoingia Bukavu samaki walikuwa wamevimba na macho yao yamekuwa meupe. Mkubwa wa soko akaamuru wamwagwe. Apolline akawamwaga mwenyewe, kikapu kimoja baada ya kingine, watu wamesimama mbali wakiziba pua.

Aliporudi nyumbani hakulia. Alimwambia mume wake kwamba mzungu mmoja wa Usumbura alikuwa akipeleka samaki mbali kuliko Bukavu, na walifika wakiwa kama wametoka majini sasa hivi, kwa sababu alikuwa na mashini ya kutengeneza barafu.

Mume wake, Gaspard, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa Mufuliiru wa milima ya Lemera, alishushwa Uvira na kazi, akapenda hapo, akaoa hapo, ingawa mpaka mwisho alikula samaki kwa uangalifu kama mtu anayeogopa miiba. Habari ya mashini ilimshika kuliko ilivyomshika mke wake. Alitafuta kitabu chenye picha za mashini kwenye nyumba moja ya biashara ya Usumbura, akakileta nyumbani, akawaeleza watoto jinsi moteri ya mazutu, yaani ya dizeli, inavyoweza kuzaa baridi. Spès hakuamini. Gaspard alicheka na kusema ataamini siku atakapoishika barafu mkononi.

Waliagiza. Akiba yote ya samaki iliingia humo, pamoja na baiskeli ya Gaspard. Nyumba ile ya biashara iliwaambia mashini itatoka Ulaya kwa meli mpaka bahari ya mashariki, itapanda treni mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma itavuka ziwa mpaka bandari ya Usumbura. Kutoka hapo mpaka Uvira ni safari ya mtu kwenda sokoni na kurudi. Apolline aliwahi kuifanya mara nyingi. Faranga iliyotumika Uvira ndiyo iliyotumika Usumbura, na kwenye daraja la Ruzizi mtu alisimama tu akitaka kusalimia rafiki.

Mashini ilikawia njiani. Ilipokuwa ikikawia, Congo ilipata uhuru, na vita vikaanza huko mbali ambako watu wa Uvira walikusikia redioni tu. Wabelgiji wengi wakaondoka wakiacha funguo milangoni. Halafu Burundi nayo ikapata uhuru wake, Usumbura ikaitwa Bujumbura, na kwenye barabara ile ile, Kavimvira upande huu na Gatumba upande ule, vikawekwa vizuizi na bendera mbili tofauti. Kila nchi ikawa na pesa zake. Kila nchi ikawa na forodha yake, ambayo watu wa pale huiita duane.

Ndipo ujumbe ukaja kwamba mashini imefika.

Apolline alivuka na kamio alilokodi, akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea mgeni. Bandarini alipelekwa kwa ofisa wa duane, kijana wa Kirundi aliyeitwa Cyprien, mwenye shati safi na maneno ya taratibu. Cyprien alimpeleka mwenyewe mpaka depoti. Kasha la mbao lilikuwa pale, kubwa kuliko alivyolifikiria, na jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi. Apolline aliweka kiganja juu ya mbao. Akauliza wabebaji wako wapi.

"Mama, mashini ni yako, hakuna mtu anabisha," Cyprien alisema. "Lakini inaenda Congo. Lazima nione lisansi ya Congo, ndipo nitoe karatasi ya kupitisha."

"Tuliiagiza wakati ilikuwa inchi moja."

"Ni kweli. Lakini imefika wakati ziko mbili."

Hakulisema kwa ubaya. Katika mambo yote yaliyofuata Cyprien hakuwahi kumpandishia sauti, wala hakumwomba kitu cha pembeni, na pengine ndiyo maana Apolline hakupata hata mtu wa kumkasirikia. Kamio likarudi Uvira tupu.

Uvira, biro ya duane ilikuwa chini ya Damien, mtu wa makamo aliyekuwa karani mdogo wakati wa Wabelgiji na kuamka asubuhi moja akiwa mkubwa wa biro. Alimjua Apolline vizuri. Mke wake alinunua ndagala kwake. Alimweleza kwamba lisansi, hiyo ruhusa ya kuingiza mali, haitolewi Uvira, hutolewa Bukavu, naye kazi yake ni kutuma maombi. Gaspard akaweka sinyature yake, kwa sababu sheria waliyoiacha Wabelgiji ilisema mke wa ndoa hawezi kufanya biashara ya namna ile bila idhini ya bwana wake. Siku hiyo jambo hilo liliwachekesha wote watatu. Gaspard alisaini kwa mwandiko wake wa ubaoni na kumuuliza Damien kama sheria haimtaki pia amruhusu mke wake kupumua.

Maombi yakaenda Bukavu na kulala huko. Wakubwa wa Bukavu walikuwa wakibadilishwa kila baada ya muda mfupi, na kila mkubwa mpya alitaka maombi yaanze upya. Hatimaye lisansi ikaja. Apolline akavuka nayo siku ile ile. Cyprien akaisoma, kisha akafungua kitabu chake kinene cha duane, akaonyesha tatizo lingine. Lisansi ilisema mashini ya kazi. Karatasi za meli, zilizoandikwa na watu wa Ulaya, zilisema chombo cha baridi. Katika kitabu, chombo cha baridi kilikuwa friji, na friji ilikuwa kitu cha anasa, yenye ushuru wake mwingine na lisansi yake nyingine. Apolline alimwomba waifungue wakaiangalie. Haikuruhusiwa kuifungua mpaka mkaguzi awepo. Mkaguzi alikuwa mgonjwa. Alipopona alikuwa amehamishwa. Mkaguzi mpya alipokuja, akafungua kasha, akakubali mara moja kwamba hiyo si friji. Akaandika hivyo, akapiga kashe, mhuri wa biro.

Kufikia hapo muda wa lisansi ya Congo ulikuwa umekwisha.

Apolline alirudi Uvira kwa miguu kutoka Gatumba, kwa sababu hakupata gari, na njiani alikumbuka kwamba siku ile kasha lilipofunguliwa aliiona mashini yenyewe kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na rangi ya kijani, na mafuta mazito ya kuzuia kutu yalikuwa bado mabichi kwenye vyuma. Alitaka kumweleza Gaspard jinsi ilivyo. Lakini Gaspard siku hizo hakuwa mtu wa kuelezwa habari za mashini.

Walimu walikuwa hawajalipwa muda mrefu. Mwanzoni Gaspard aliendelea kufundisha, akisema watoto hawana kosa. Halafu akaanza kukaa na wanaume wengine shuleni baada ya masomo, wakisikiliza redio kwa sauti ya chini. Wakubwa wapya wa nchi walipita Uvira kwa magari meusi, na vumbi lao liliingia darasani kwake. Alisema uhuru umeliwa na watu wachache. Apolline hakubishana naye, aliona ni kweli. Ila alimwomba asiyaseme sokoni. Kwao Lemera vijana walikuwa wameanza kukusanyika milimani, wakifundishwa vita kwa mikuki na bunduki kuukuu. Asubuhi moja Gaspard alivaa koti lake la kazi, akawaaga watoto kama mtu anayekwenda shuleni, na jioni akaja mtu kumwambia Apolline kwamba mwalimu ameonekana akipanda njia ya milimani.

Wiki hizo ndipo Apolline alipoanza kuomba lisansi ya pili. Damien alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Alijua Gaspard yuko wapi. Uvira nzima ilijua. Alisema maombi mapya yanahitaji sinyature mpya ya bwana.

Apolline alimwomba atumie ile ya zamani.

"Minye naijua ile sinyature kama ya kwangu," Damien alisema. "Lakini Bukavu wataangalia tarehe. Na wakiuliza bwana yako iko wapi, minye nitajibu nini? Tafuta sinyature, Mama Spès. Sitauliza uliipata wapi."

Kwa mtu wa serikali wakati ule, huo ulikuwa wema mkubwa, na Apolline aliutambua.

Akawaacha watoto kwa wifi yake Geneviève, dada mdogo wa Gaspard aliyekuwa ameolewa karibu na Kiliba, akabeba samaki wakavu kichwani kama mchuuzi, karatasi ameikunja ndani ya nguo. Alipita bonde la Ruzizi, kati ya mashamba ya miwa na ya pamba ambayo hayakuwa na wavunaji, akaanza kupanda. Askari walimsimamisha chini na vijana wenye mikuki wakamsimamisha juu, na wote walikula samaki wake. Njia za Lemera ni nyembamba, zinapanda na kushuka kati ya mashamba ya maharagwe, na yeye mtu wa ufukoni alihema mpaka kifua kikauma. Akifika kwenye kilele aligeuka, akaliona ziwa chini, na ng'ambo yake Bujumbura, weupe kidogo ukingoni mwa maji.

Gaspard aliletwa kwake kwenye nyumba ya mjomba wake. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota, na alikuwa na kikohozi. Alifurahi kumwona, alimshika mikono yote miwili mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliuliza habari za Spès na za wadogo zake mmoja mmoja. Waliongea muda mrefu wakila viazi kabla Apolline hajatoa karatasi.

Gaspard aliisoma yote, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

"Hii ni ya serikali gani?"

"Ya serikali yenye iko."

"Minye nimeikatala hiyo serikali. Kuna vijana hapa wamekufa sababu yake. Leo niandike jina yangu chini, niiombe ruhusa?"

Apolline alimwambia kwamba karatasi ni ya mashini tu, haihusu vita. Gaspard alijibu kwamba kila karatasi inahusu vita. Alizungumza kwa upole, na upole huo ulimwogopesha mke wake kuliko hasira, maana alimjua: akiwa na hasira hubadilika, akiwa mpole habadiliki.

"Tukishinda hakutakuwa duane ya kukusumbua," alisema. "Nitakuletea ile mashini mwenyewe mpaka mlangoni."

"Baba Spès, sikukuja kuomba ushindi. Nilikuja kuomba jina yako."

Alimrudishia karatasi. Akamsindikiza mpaka mwisho wa mashamba, akamvulia koti lake amvike kwa ajili ya baridi, halafu akakumbuka kwamba koti hilo lingejulikana na askari, akalivaa tena. Wakaagana hivyo. Apolline alishuka mlima akiwa na karatasi ile ile bila sinyature. Mara kadhaa alifikiri kuweka sinyature mwenyewe. Mwandiko wa Gaspard aliujua. Lakini alikuwa amemwomba, naye amekataa, na hakuona namna ya kumsainia mtu aliyemkatalia macho kwa macho.

Mvua za masika zilipokuwa zikiisha, mji ukaanguka. Askari wa serikali waliondoka kwa kishindo, wengine wakivuka mpaka, na Damien aliondoka pamoja nao akiwa amebeba kashe yake mfukoni. Vijana wa milimani wakaingia na matawi vichwani. Gaspard alikuwa miongoni mwao. Kwa sababu alijua kuandika alifanywa katibu wa wakubwa wapya wa mji, akakaa kwenye biro yenye dirisha linalotazama ziwa. Alirudi kulala nyumbani kwake. Kwa muda watoto walifurahi, ingawa mlangoni walisimama vijana wenye bunduki, na sokoni watu waliacha kumpunguzia Mama Spès bei. Sasa walimpa samaki bure, macho chini. Alichukia hilo. Aliacha kwenda ufukoni mwenyewe, akamtuma Spès.

Gaspard hakuwa amesahau ahadi yake. Aliketi siku moja akaandika karatasi nzuri kuliko lisansi zote, kwamba mwananchi Apolline anaruhusiwa kuingiza mashini yake ya barafu kwa faida ya umma, na chini akapiga kashe mpya iliyochongwa kwa mpira wa tairi. Apolline hakuwa na imani nayo. Lakini alikuwa amechoka kukosa imani, akaenda.

Bujumbura, Cyprien aliisoma kwa heshima kutoka juu mpaka chini. Akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Mama, hii kashe siijui," alisema.

Apolline alimwambia ndiyo serikali ya Uvira ya sasa. Amtume mtu akaone. Cyprien alisema haihitaji kumtuma mtu, anaamini. Lakini serikali yake yeye haikuwa imeitambua ile ya Uvira, na kama akipitisha mzigo kwa kashe hiyo kesho atafukuzwa kazi. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kasha limekaa muda mrefu mno. Bidhaa zisizochukuliwa, sheria inaziita zimeachwa, na zilizoachwa huuzwa kwa mnada. Aliahidi kulisogeza nyuma ya mizigo mingine ili wakubwa wasilione upesi. Apolline alimshukuru. Alipomweleza Gaspard majibu hayo, Gaspard alikunja ile karatasi yake ndogo ndogo mpaka haikukunjika tena.

Jeshi lilirudi kabla mwaka haujaisha, likiwa na ndege na wazungu wa kukodiwa. Watu wa Uvira wakakimbilia milimani na wengine majini kwa mitumbwi. Gaspard alipita nyumbani adhuhuri, mabomu yakisikika upande wa Kiliba. Alikunywa maji akiwa amesimama. Alimwambia Apolline awapeleke watoto njia ya bondeni, yeye atapanda na wenzake kwa nyuma ya mji, watakutana juu. Spès akamkabidhi kandambili zake alizokuwa amesahau uani. Akatoka akiwa amezishika mkononi.

Juu hawakukutana. Apolline alingoja na watoto kwenye kibanda cha watu wasiowajua, akiuliza kila kundi lililopita. Mmoja alisema amemwona Gaspard akielekea Fizi. Mwingine alisema kundi lote la makatibu lilipigwa kwenye kijito na hakuna aliyepona. Wa tatu alisema yuko Burundi, na huyo ndiye aliyeapa kwa nguvu zaidi. Njaa ilipowashusha mjini walikuta nyumba haina bati, na chanja la samaki limechomwa na askari kupikia.

Akaanza tena, na chanja jipya la miti mibichi. Samaki walikuwa wachache kwa sababu wavuvi wengi hawakurudi. Lakini Damien alirudi, na kashe ile ile. Apolline alijipa muda kabla ya kwenda kumwona. Alipoenda alimkuta amezeeka. Damien alimpa kiti, akamuuliza habari za watoto, halafu akamwambia asilotaka kumwambia: maombi ya lisansi yanaweza kutumwa tena, Bukavu iko wazi, lakini mke wa ndoa anahitaji sinyature ya bwana wake. Mjane hahitaji; mjane husaini mwenyewe, mradi alete karatasi ya kifo.

"Sasa minye ni nani?" Apolline aliuliza.

Damien alishusha sauti. Alisema kwamba kama watu wawili, mmoja wa ukoo wa bwana, wataapa mbele ya hakimu kuwa Gaspard amekufa, karatasi itatoka. Aliongeza kwamba kwa mke wa muasi karatasi hiyo ni kinga pia. Askari hawatamsumbua tena kumuuliza mume yuko wapi. Na walikuwa wakimsumbua kweli.

Apolline alirudi nyumbani na neno hilo, akakaa nalo majira mazima ya kiangazi. Alijiambia kwamba Gaspard angekuwa hai angeleta habari. Kisha alijiambia kwamba mtu aliye porini hawezi kuleta habari. Watoto walikuwa wakiomba usiku kwa ajili ya baba yao, na Spès alimtaja kama mtu anayesafiri. Halafu mtu aliyevuka kutoka Bujumbura akamletea salamu za Cyprien: orodha ya mnada inaandaliwa, kama ana njia yoyote afanye haraka.

Apolline alikwenda Kiliba kumwona Geneviève. Walikaa nyuma ya nyumba wakimenya mihogo. Apolline alieleza yote bila kupunguza. Geneviève aliendelea kumenya.

"Weye ulisikia kitu?" Geneviève aliuliza mwishowe. "Kitu cha kweli?"

"Hapana."

"Tukiapa amekufa, na akirudi?"

"Akirudi tutafurahi."

Geneviève aliweka kisu chini. Siku iliyopangwa alikuja, amevaa kanga nyeusi, pamoja na jirani mmoja mzee aliyekubali kuwa shahidi wa pili. Hakimu alikuwa na haraka; nje kulikuwa na foleni ya wanawake wenye shida kama hiyo. Aliuliza jina, kazi, mahali pa kuzaliwa. Halafu akauliza marehemu alikufa tarehe gani. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mzee alimtazama Geneviève, Geneviève akamtazama Apolline. Hakimu alisema bila tarehe karani hawezi kuandika. Apolline akataja tarehe. Haikuwa siku Gaspard alipoondoka na kandambili mkononi. Siku ile hakutaka kumpa hakimu. Alitaja ya wiki iliyofuata, Jumanne. Karani akaandika. Walipotoka nje Geneviève alianza kulia kilio cha msiba, kikubwa, na wanawake wa kwenye foleni wakamzunguka kumpa pole. Apolline alisimama kando akiwa na karatasi, akashindwa kumnyamazisha na akashindwa kulia naye.

Lisansi safari hii ilitoka upesi wa kushangaza. Alivuka Gatumba akiwa nayo, pamoja na karatasi ya kifo, na kila kashe iliyowahi kutajwa. Cyprien aliinuka alipomwona akiingia, na kwa jinsi alivyoinuka Apolline alijua.

Mnada ulikuwa umefanywa wiki kadhaa nyuma. Cyprien alikuwa likizo ya msiba kwao mlimani. Aliporudi alikuta depoti imesafishwa. Alimpeleka akaone, kwa sababu alimwomba. Mahali pa kasha palikuwa na magunia ya chumvi. Apolline aliuliza ni nani aliyeinunua. Cyprien alisema mtu mwenye hoteli, ameiweka pale mjini, inatengeneza barafu ya kutia kwenye vinywaji. Apolline akauliza kama inafanya kazi vizuri. Cyprien alisema ndiyo, wanasema inafanya kazi vizuri sana. Alimwambia pia kwamba anaweza kuandika malalamiko, na karatasi za malalamiko anazo. Apolline alisema asante, hapana. Alikataa kiti, akakubali maji, akaondoka mapema ili awahi mpaka kabla haujafungwa.

Nyumbani msiba ulikuwa umekwisha kuanza bila yeye. Geneviève alikuwa amewaambia wazee wa Lemera kwamba karatasi imetoka, na kwa wazee karatasi ya hakimu ilikuwa habari ya kweli. Walifikiri mji umejua jambo ambalo mlima haukujua. Wakashuka, wakakaa matanga, wakamnyoa mjane nywele. Spès, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alimuuliza mama yake usiku wa tatu kama aliuona mwili. Apolline alimwambia hapana. Akamuuliza basi wamejuaje. Apolline akamwambia alale.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuolewa tena, ingawa aliposwa. Alikausha samaki, akawasomesha watoto kwa samaki hao, na mara chache alipokwenda Bujumbura hakupita barabara ya hoteli ile. Kila uvumi wa watu waliobaki porini upande wa Fizi ulipofika mjini, na uvumi huo haukuisha miaka ile, alikwenda kusikiliza, akisimama nyuma ya wengine, akirudi bila kuuliza swali. Damien alipostaafu alikuja kumuaga, akanunua mukeke, akakataa chenji.

Ukoo wa Gaspard ulimwombea misa kila mwaka, kanisani Uvira, tarehe ile iliyoandikwa na karani. Apolline alihudhuria, akakaa benchi la mbele na watoto wake na baadaye na wajukuu. Padri alipolisoma jina la marehemu, Apolline alipiga magoti pamoja na watu wote. Midomo yake ilionekana ikisogea. Geneviève, aliyekaa kando yake kila mwaka, hakuwahi kumuuliza alikuwa akiomba nini.